Bessie Head wa Serowe: mwandishi aliyenyimwa hati na nchi mbili, akatunza karatasi zake mwenyewe

#1 Binti Masjala

Wanajamvi, salaam.

Humu jukwaani tumeshawajadili sana Achebe, Ngũgĩ na mzee wetu Shaaban Robert, na wanastahili. Leo naomba tukae na mwanamke mmoja ambaye wengi wetu tumeliona jina lake kwenye mgongo wa vitabu vya Heinemann, tukapita: Bessie Head wa Serowe, Botswana. Nitasimulia maisha yake, lakini kilichonileta hasa ni karatasi zake, yaani barua, miswada na hati alizoziacha. Kazi yangu ni masjala. Nimeona faili likipotea na haki ya mtu ikapotea nalo. Kwa hiyo nikisoma habari za mwandishi yeyote huwa nauliza: karatasi zake ziko wapi, nani alizitunza, nani anaruhusiwa kuzifungua? Kwa Bessie Head majibu ya maswali hayo yanamfundisha mtu mengi kuhusu vitabu vyenyewe.

Nianze na kuzaliwa kwake, maana ugomvi wake na karatasi za serikali ulianzia hapo.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mama yake, Bessie Amelia Emery, mzungu, alikuwa amelazwa humo. Baba alikuwa mwanamume mweusi ambaye hadi leo hajulikani ni nani. Tangu 1927 sheria ya nchi ile ilikuwa imeshayafanya mahusiano ya namna hiyo kati ya mzungu na mweusi kuwa jinai, kwa hiyo kichanga kile kilikuwa ushahidi wa kosa kabla hakijafumbua macho. Kwanza alipewa familia ya kizungu imlee. Walipoona rangi yake wakamrudisha. Ndipo akachukuliwa na Nellie na George Heathcote, mke na mume waliohesabiwa machotara kwa sheria za kule. Kwa Bessie, Nellie ndiye alikuwa mama, hakumjua mwingine. Mama mzazi alifariki hukohuko hospitalini mwaka 1943, bila mtoto kuwa na habari.

Alipofika miaka 12 alipelekwa St Monica's, shule ya bweni ya Kianglikana karibu na Durban. Huko ndiko alikoambiwa, na watu wazima wenye mamlaka na faili mkononi, kwamba Nellie si mama yake, kwamba mama yake halisi alikuwa mzungu na alikuwa mgonjwa wa akili, na kwamba likizo hatarudi kwa Nellie. Jaribuni kumfikiria mtoto wa shule akisikiliza hayo. Maisha yake yote yaliyobaki aliuzunguka ule mchana.

Akasomea ualimu, akafundisha Durban, akaacha. Mwaka 1958 akaenda Cape Town kuandikia gazeti la Golden City Post, kisha Johannesburg. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya 1960, polisi walipowapiga risasi waandamanaji weusi, akaingia chama cha ukombozi cha PAC (Pan Africanist Congress), akakamatwa kwa muda mfupi, akavunjika moyo kiasi cha kutaka kujitoa uhai. Mwaka 1961 akaolewa na mwandishi wa habari Harold Head, na Mei 1962 wakampata mtoto wao wa pekee, Howard. Ndoa haikudumu.

Machi 1964 akapata kazi ya ualimu Serowe, katika nchi ambayo wakati huo bado iliitwa Bechuanaland. Serikali ya Afrika Kusini ilimnyima pasi ya kusafiria, ikampa kibali cha kutoka bila kurudi. Akakichukua, akamchukua na mtoto, akavuka mpaka. Hakuishi tena Afrika Kusini.

Naenda kumalizia kazi za jioni, nitaendelea.

#2 Mwalimu wa Kusini

Dada Masjala, ahsante. Nimefundisha riwaya yake Maru kidato cha sita miaka ya nyuma na sikuwahi kujua kwamba jina la yule mwalimu wa kwenye riwaya, Margaret Cadmore, lilikuwa na mtu halisi. Kuna mahali nilisoma kwamba alikuwa mkuu wa shule yake. Ni kweli?

Na naomba ufafanuzi kuhusu hicho kibali. Mtu anaondokaje nchini kwake bila haki ya kurudi, na anapofika anakokwenda anahesabiwa nani?

#3 Binti Masjala

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli. Margaret Cadmore alikuwa mkuu wa St Monica's. Kwenye Maru (1971) Bessie alilichukua jina hilo akampa mwanamke mmishenari anayemlea binti wa Kimasarwa (jina la dharau walilopewa Wasan), kisha binti naye akarithi jina lilelile. Mtu wa shule ileile iliyobeba siku mbaya kuliko zote za utoto wake, amempa nafasi ya heshima katika kitabu. Kila nikilifikiria jambo hilo naona ukubwa wa moyo wake.

Kuhusu kibali: ulikuwa mtego uliotengenezwa kwa makusudi. Ukikikubali, unaukana uraia wako, na ukirudi unakamatwa. Upande wa pili hakuna aliyekuahidi uraia. Kwa hiyo tangu 1964 Bessie Head alikuwa mkimbizi asiye na nchi. Kazi ya ualimu pale Serowe aliipoteza mwaka uliofuata. Akaishi kwenye shamba la maendeleo huko Radisele, halafu Francistown pamoja na wakimbizi wengine, akitakiwa kuripoti polisi. Botswana ilipata uhuru Septemba 1966 chini ya Rais Seretse Khama, mzaliwa wa Serowe hiyohiyo, lakini hali yake yeye haikubadilika. Aliomba uraia, akakataliwa mwaka 1977. Mwaka huohuo alialikwa Marekani kwenye programu ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, akasafiri kama mkimbizi. Uraia ulikuja mwaka 1979, yeye hakuuomba mara hiyo, walimpa. Hesabuni wenyewe: miaka 15 bila nchi, na ndani ya miaka hiyohiyo ndipo alipoandika karibu kila kitu tunachomsifia.

Sasa tuje Francistown. Mwaka 1966 gazeti la New Statesman la London lilitoa makala yake fupi kuhusu mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuja kuishi Serowe. Makala hiyo ikasomwa New York, na kampuni ya Simon & Schuster ikamwandikia kumuuliza kama anaweza kuwaandikia riwaya. Hakuwa na hata karatasi za kupigia taipu. Wakamtumia fedha za kununua karatasi. Kitabu kilichotoka hapo ni When Rain Clouds Gather, 1968.

Ambao hamjakisoma: kinaanza na Makhaya, kijana wa Kizulu aliyetoka jela Afrika Kusini, amejificha karibu na waya wa mpaka akisubiri giza limsaidie kuvuka. Anaishia kijiji cha Golema Mmidi, kijiji cha watu waliokimbia kwao kwa sababu mbalimbali, ambako Mwingereza mmoja, Gilbert, anajaribu kubadili kilimo na ufugaji katika ukame mkali. Chifu Matenge hataki watu wanyanyue kichwa. Kuna sehemu moja mama mmoja, Paulina, anapata habari kwamba mwanawe mdogo amefia porini kwenye kambi ya ng'ombe, peke yake, kwa kifua kikuu. Ndani ya kile kibanda wanakuta vinyago vidogo vya wanyama alivyokuwa akivichonga mtoto. Bessie haandiki maombolezo marefu. Anatuonyesha vile vinyago na kuendelea.

#4 Kijana wa Mwenge

Nimeingia hapa kwa bahati tu na sitoki. Swali: kwa nini umwite wa Serowe na siyo wa Afrika Kusini? Naona Waafrika Kusini nao wanamdai.

#5 Binti Masjala

Wanamdai na wana haki. Mwaka 2003 walimpa nishani ya Ikhamanga ya dhahabu, akiwa ameshafariki, na mwaka 2007 maktaba kuu ya Pietermaritzburg, mji uleule alikozaliwa ndani ya hospitali, ikapewa jina lake. Nilifurahi niliposoma hilo. Lakini kazi yake ni ya Serowe. Mwaka 1969 alirudi huko kutoka Francistown, akajenga kijumba kwa fedha za riwaya ile ya kwanza na kukiita Rain Clouds. Hakukuwa na umeme. Aliandika na kusoma usiku kwa mshumaa, na mchana alikuwa bustanini.

Bustani nayo ina historia. Patrick van Rensburg, Mzungu wa Afrika Kusini aliyeacha kazi ya ubalozi kwa sababu ya ubaguzi, alianzisha shule ya Swaneng Hill pale Serowe mwaka 1963, na pembeni yake zikazaliwa shughuli za ushirika: ufumaji, ufinyanzi, ujenzi, kilimo. Bessie alikuwa kwenye bustani ya mboga pamoja na mwanamke wa kijijini, Bosele Sianana, aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa. Walilima pia yale matunda madogo ya manjano yanayojifunga ndani ya ganda jembamba, wakayapika jamu ya kuuza. Mkisoma A Question of Power (1973) mtamkuta Bosele kwa jina la Kenosi, na mtaikuta jamu ileile. Katikati ya riwaya ya Elizabeth, mwanamke anayesumbuliwa usiku na Sello na Dan, viumbe ambao hajui kama ni watu au ni mapepo ya akili yake, ghafla kunakucha na Elizabeth anakwenda kumenya matunda na kupima sukari. Kwangu mimi kurasa hizo za jamu ndizo zinazobeba kitabu kizima.

Na riwaya ile haikutoka hewani. Mwanzoni mwa 1971 Bessie aliugua kweli. Alibandika kwenye ukuta wa posta ya Serowe tangazo la kumtuhumu vibaya Rais wa nchi, akakamatwa na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, akakaa miezi kadhaa. Mtoto wa Fort Napier akajikuta ndani ya ukuta wa aina ileile uliommaliza mama yake. Akatoka, akarudi Serowe, akaketi kwenye taipureta, akaandika riwaya ambayo mchapishaji wake wa London aliikataa na mwingine akaichukua.

#6 Pwani Mchangani

Dada yangu, uliahidi karatasi. Mimi nasubiri hapo.

#7 Binti Masjala

Nakuja sasa.

Mtu akifariki, ukifungua droo yake unakuta barua alizoandikiwa. Alizoandika yeye hazipo, ziko kwenye droo za watu wengine, mjini kwingine, pengine nchi nyingine, na nyingi zimeshachomwa. Ndiyo maana wasifu wa watu wengi umejaa sauti za rafiki zao na yao wenyewe haisikiki. Bessie Head alipiga taipu barua zake akiweka karatasi ya kaboni katikati, na nakala akaitunza pamoja na jibu lililokuja. Alifanya hivyo miaka na miaka, kijijini, akiwa na fedha kidogo sana. Kwa hiyo ukifungua faili la mtu mmoja aliyeandikiana naye, unasoma mazungumzo yote mawili, swali na jibu, ugomvi na msamaha.

Wenye umri wa taipureta watanielewa, vijana niwaeleze. Unaweka karatasi nzuri juu, kaboni katikati, karatasi nyembamba chini. Herufi ikigonga, wino wa kaboni unashika chini. Ukikosea, utafuta ya juu kwa raba na kuigonga upya, ila ya chini mara nyingi huigusi. Herufi mbili zinapandana pale na anayejua kutazama anaweza kusoma ulichotaka kusema mwanzo. Na ukiongeza neno kwa kalamu mwishoni, kabla ya kufunga bahasha, nakala yako haitalijua. Kwa hiyo nakala ya kaboni na barua iliyotumwa hazifanani kabisa, kila moja ina siri yake. Mtafiti makini anazitaka zote mbili.

Na kwa Bessie mara nyingine zote mbili zipo, kwa sababu baadhi ya walioandikiwa nao walitunza. Randolph Vigne, aliyekuwa mhariri wa The New African, jarida lililomchapisha alipokuwa kijana, alihifadhi barua zake akazitoa kitabu mwaka 1991, A Gesture of Belonging, barua za 1965 hadi 1979. Mshairi Patrick Cullinan na mkewe Wendy nao walitunza za kwao, zikatoka mwaka 2005. Tena kwa Cullinan kulikuwa na kitu kikubwa zaidi: mswada wa The Cardinals, riwaya pekee aliyoiandika akiwa bado Afrika Kusini. Haikupata mchapishaji akiwa hai. Ilichapishwa 1993, miaka saba baada ya kifo chake, kwa sababu tu mtu mmoja hakuitupa.

Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986 kwa homa ya ini, akiwa na miaka 48. Alikuwa ameshakubaliana na mchapishaji aandike kitabu cha maisha yake mwenyewe, na hakuwahi. Amezikwa makaburi ya Botalaote palepale Serowe.

Karatasi zake zikaingia Khama III Memorial Museum, makumbusho ya kijiji yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaanza wakati huo, ndani ya jumba la zamani la ukoo wa Khama linaloitwa Red House, chini ya mlima wa Serowe. Zikapangwa kwa mafaili yenye namba, kila faili na mtu au kampuni aliyoandikiana nayo. Miongoni mwa walioshughulika kuzipanga baadaye ni Tom Holzinger, kijana wa kujitolea wa zamani wa Swaneng ambaye wasomaji wa A Question of Power wanamjua kama Tom wa kwenye riwaya. Mhusika wa kitabu amekuja kuzitunza karatasi za aliyemwandika! Sijui mfano mwingine wa namna hiyo.

#8 Mwalimu wa Kusini

Hapo kwenye Red House nina la kusema. Mimi naamini karatasi za mwandishi mkubwa zinatakiwa ziende palipo na kiyoyozi, wataalamu na bajeti. Chuo kikuu cha nje kingezipiga picha zote na mtu yeyote angesoma kutoka popote. Kijijini kuna vumbi, mchwa na umeme wa kukatika. Hatuwezi kumpenda mtu halafu tukaweka kazi yake hatarini kwa sababu ya fahari.

#9 Pwani Mchangani

Mwalimu, kwa heshima, mimi nipo upande mwingine. Hapa kwetu Unguja karatasi za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyetoa kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, ziko Leiden, Uholanzi. Zimetunzwa vizuri sana, sikatai. Lakini mtoto wa Mji Mkongwe anayetaka kuziona kwa macho yake anahitaji viza. Nani atampa?

#10 Binti Masjala

Mnanigusa wote wawili.

Mwalimu, hatari unayoitaja ni ya kweli, mimi naishi nayo kazini. Karatasi nyembamba ya kaboni ni dhaifu kuliko karatasi zote. Joto linaikausha, mkono unaichana. Makumbusho madogo yanaishi kwa fedha za kubangaiza. Kupiga picha ni lazima na nakala zikae zaidi ya mahali pamoja. Hapo hatubishani.

Lakini angalieni mwandishi mwenyewe alifanya nini na kijiji kile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bessie Head alizunguka Serowe akihoji watu, karibu mia moja: wazee waliokumbuka enzi za chifu Khama III aliyehamishia mji wake Serowe mwaka 1902, wafinyanzi, waezeka nyasi, walimu, wana ushirika. Aliwaacha waongee kwa nafsi ya kwanza, kila mmoja na umri wake na kazi yake. Kitabu kikaitwa Serowe: Village of the Rain Wind. Kilisubiri wachapishaji miaka kadhaa hadi 1981. Mwanamke asiye na uraia, anayejua Kitswana kidogo tu, anayesemwa na majirani, ndiye aliyekaa na wazee hao na kuyaandika maneno yao kabla hawajafariki. Alikiandikia kijiji kumbukumbu yake. Leo kijiji kinamtunzia yake. Kwangu mimi ule ni mkataba wa haki na siwezi kuuita fahari.

Halafu kuna faida ya kazi. Mtafiti anayesoma barua ya 1972 inayolalamika kuhusu jirani, maji au ng'ombe walioingia bustanini, akitoka nje ya Red House anaiona ardhi yenyewe, anaweza kumuuliza mtu. Ukizisoma ukiwa kwingine utaona shida za akili tu mahali ambapo kulikuwa na ukame, njaa na chuki ya kweli dhidi ya mgeni.

#11 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya afya ya akili. Naomba kuuliza jambo linaloniuma. Huyu mama aliugua. Kwenye ugonjwa mtu anaandika mambo ambayo akipona anayajutia. Je, ni haki sisi kukaa tunasoma barua zake za wakati ule? Na hao watu wa kijijini aliowataja kwa majina, watoto wao si wako hai?

#12 Binti Masjala

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Upande wa kwanza: nakala za kaboni alizitunza mwenyewe, akiwa mzima, kwa miaka mingi baada ya Lobatse. Alikuwa na jiko la moto ndani ya nyumba yake na nafasi ya kuchoma chochote. Hakuchoma. Na zipo barua alizoandika baadaye kueleza yaliyompata na kuomba radhi. Ukiziondoa za ugonjwa, zile za kuomba radhi zinabaki hazina maana, na ushujaa wake unafutika.

Upande wa pili: ruhusa yake haiwezi kuwa ruhusa ya jirani. Jirani hakuandika, hakutunza kaboni, hakujua kama jina lake limetajwa. Kwa hiyo naunga mkono kabisa faili kufunguliwa kwa mtafiti anayekaa chumbani na kusoma, na majina ya watu binafsi yasipelekwe mtandaoni hovyo. Hapo naona hata ile picha ya kila karatasi aliyoitaka Mwalimu inahitaji kikomo.

Kuna jingine, kuhusu mama yake mzazi. Bessie alisimulia maisha yake yote kwamba baba yake alikuwa mtunza farasi kwenye mali ya ukoo tajiri wa mama, na kwamba ukoo ulimfungia binti hospitali kwa sababu ya mimba hiyo. Ndivyo ilivyokaa kwenye majalada ya vitabu. Miaka tisa baada ya kifo chake, yaani 1995, ndipo mambo yalipofunguka. Mwaka huo ndipo Gillian Stead Eilersen alipotoa wasifu wake mkubwa, na mwaka huohuo Kenneth Birch, ndugu wa upande wa mama, akaandika makala kwenye jarida la English in Africa akieleza habari za ukoo kwa hati. Inaonekana mama yule alianza kuugua miaka mingi kabla Bessie hajazaliwa, baada ya mtoto wake wa kiume kugongwa na gari na kufa mbele ya macho yake. Ndoa ikavunjika. Na yule mtunza farasi hakuna hati inayomthibitisha.

Wengine wakasema: basi Bessie alidanganya. Mimi nakataa kabisa. Alipewa vipande vitatu au vinne vya habari akiwa mtoto, na watu waliolificha faili, akajishonea hadithi ya kuweza kuishi nayo. Aliyefanya kosa ni yule aliyekuwa na faili na hakumwonyesha mwenye nalo. Ninyi mnaofanya kazi ustawi wa jamii, mahakamani, kwenye vituo vya watoto, ninawaomba sana: mtoto huyo atakuja siku moja dirishani kuuliza. Liweke faili lake mahali atakapolikuta.

#13 Mama Wawili

Ahsante, nimeridhika. Na hilo la mwisho nalijua vizuri. Wanakuja kweli kuuliza, wakiwa watu wazima na watoto mgongoni.

#14 Kijana wa Mwenge

Afrika Mashariki aliwahi kuhusika nayo popote? Au ndiyo tulimjulia kwenye vitabu vya shule tu?

#15 Binti Masjala

Alihusika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1964, mwaka uleule aliovuka mpaka, jarida la Transition lililokuwa likitolewa Kampala lilichapisha hadithi yake fupi, The Green Tree. Kwa mtu aliyekuwa ndiyo kwanza amepoteza nchi, kuchapishwa na jarida la Kiafrika lenye heshima kama Transition halikuwa jambo dogo. Halafu mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann ukaeneza Maru na A Question of Power hadi maktaba za shule zetu. Maru ni namba 101, kama unapenda kuwinda zile nakala za zamani kwa wauza vitabu wa mitumba.

#16 Kijana wa Mwenge

Basi nianze na kipi? Sijawahi kumsoma hata ukurasa.

#17 Binti Masjala

Usianze na A Question of Power, utakimbia. Kisome kikiwa cha tatu au cha nne.

Anza na The Collector of Treasures (1977), hadithi fupi za kijijini. Isome ile iliyobeba jina la kitabu: Dikeledi anafikishwa gerezani kwa kumuua mumewe, na huko anakutana na wanawake wengine wa kosa hilohilo. Bessie anasimama hatua kwa hatua kueleza mwanaume wa namna ile ametokea wapi, akirudi nyuma hadi enzi kabla ya ukoloni na kwenye migodi ya Afrika Kusini, halafu anamweka mbele ya macho yako jirani, Paul Thebolo, mume mwema, ili usije ukasema wanaume wote ni wamoja. Utamaliza kwa mkao mmoja.

Kisha When Rain Clouds Gather. Kisha Maru, ambacho ni kifupi ila kinataka utulivu: binti wa Kimasarwa, kabila lililokuwa likifanywa watumwa na Watswana wenyewe, anafika Dilepe kufundisha, na mtu akidhani ni chotara anamsahihisha kwa kinywa chake kwamba yeye ni Mmasarwa. Mwalimu wa Kusini atakuongoza vizuri kuliko mimi hapo.

Barua za kwa Vigne zisome sambamba na A Question of Power, ukilinganisha miaka. Mwaka 1971 ndio mwaka wa Lobatse. Ukifika hapo usiruke, nenda kwanza kwenye riwaya, soma kurasa za hospitali, halafu rudi kwenye barua ya kwanza inayofuata.

#18 Mwalimu wa Kusini

Kijana, nakala yangu ya Maru ipo na penseli zangu zimo pembeni. Nitumie ujumbe wa faragha, nitaikabidhi kwa basi la Dar Ijumaa. Uirudishe tu.